Stata ya gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Stata ni mota ya umeme inayoizungusha injini hadi iwake. Majibu haya yanamhusu mwenye gari lililokula miaka mingi barabarani, la petroli au dizeli, la volti 12. Magari ya volti 6 na yale ya ethi chanya (yaani chanya ya betri, si hasi, ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari) yana swali lao huku chini.

Gari haliwaki. Nitajuaje kama ni stata au ni betri?

Shuku betri kwanza, kisha vichwa vya betri, kisha nyaya, na stata iwe ya mwisho. Najua si mpangilio unaofurahisha mtu aliyekwisha kukunja mikono ya shati, lakini stata ndiyo ngumu kufikika kuliko vyote hivyo, na ndiyo husingiziwa mara nyingi.

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Washa taa kubwa, mtu mmoja asimame mbele azitazame, wewe piga stata. Taa zikizima kabisa au zikibaki na wekundu wa kufifia, betri haina nguvu au kichwa chake hakijakamata. Taa zikiendelea kung'aa kana kwamba hujagusa ufunguo, umeme hauifikii stata: hapo tafuta kwenye swichi ya ufunguo, waya mwembamba wa solenoidi (swichi ya sumaku inayoipelekea stata umeme mkubwa), rilei (swichi ndogo ya umeme), au solenoidi yenyewe. Taa zikififia kiasi na injini isizunguke, umeme unafika lakini kuna kilichokwama, ama ndani ya stata ama kwenye injini.

Ukiwa na mita ya umeme, betri iliyojaa na iliyopumzika saa kadhaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 imebaki na chaji kidogo sana, hata kama redio inaimba na honi inalia. Halafu isome tena wakati stata inapigwa: isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikiporomoka hadi 7 au 8, ichaji na uipime upya kabla ya kulala chini ya gari.

Nasikia sauti tu. Sauti hiyo inaniambia nini?

Mengi. "Ta-ta-ta-ta-ta" ya haraka ni solenoidi inayovuta na kuachia kwa sababu umeme hautoshi kuishikilia. Hiyo ni betri au uchafu wa vichwa vyake, na mara chache sana ni kitu kingine. "Ka!" moja nzito kisha kimya maana yake solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haukupita kwenda kwenye mota: kontakti (shaba zinazogusana ndani ya solenoidi) zimeliwa, makaa (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) yamekwisha, au mota imekwama. "Wiiiii" ya kuzunguka bila injini kushtuka ni bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoizungusha injini, isiyoshika. "Krrrr" ya chuma juu ya chuma ni meno yanayogombana, na ukiisikia acha ufunguo mara moja, kwa sababu kila sekunde unasaga flaiwili, gurudumu zito la injini lenye meno ambayo stata huyashika.

Kimya kabisa kina sababu nyingi zaidi. Kwenye gari la otomatiki jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P. Likiwaka, swichi inayozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia imechoka, na stata haina kesi ya kujibu.

Betri ni mpya, lakini injini inazunguka kivivu. Kwa nini?

Stata ndiyo mlaji mkubwa wa umeme kuliko kitu kingine chochote garini. Injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200, na dizeli huweza kuvuka 300. Kwa mkondo wa namna hiyo, kutu kidogo tu ndani ya kichwa cha waya inatosha kuunyima nguvu mwendo mzima. Waya wa gari la zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku shaba yake imegeuka kijani chini ya mpira.

Pima hivi. Kwanza zuia injini isiwake: kwenye petroli ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi), chomoa waya mnene wa katikati na uubanie kwenye chuma cha injini. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya betri ya chanya, si kichwa cha waya, na nyingine iguse skrubu nene ya stata inayopokea waya mnene wa betri. Mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, nguvu inapotea njiani. Hamia upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia mwili wa gari: nguzo hasi ya betri na mwili wa stata. Huko isizidi 0.2 au 0.3.

Upande wa ethi ndio husahaulika. Injini imekaa juu ya mpira, kwa hiyo umeme hurudi kupitia waya mmoja uliofungwa kati ya injini na chasisi. Waya huo ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa kebo ya choki au ya akselereta. Ukipiga stata kisha ukaigusa kebo ya choki ukaikuta ya moto, umekwisha kupata jibu, na halikugharimu zaidi ya waya mmoja.

Asubuhi linawaka vizuri. Nikilizima likiwa moto, linakataa hadi lipoe.

Joto huongeza ukinzani wa shaba, na stata iliyokaa jirani na bomba la eksozi huoka dakika kumi baada ya kuzima injini. Stata nzima huvumilia. Ile ambayo bushi zake (pete za shaba ambamo mhimili wake huzunguka) zimeliwa na makaa yake yamefupika huanza kulalamika hapo. Angalia kama bati la kukinga joto bado lipo. Mara nyingi lilitolewa zamani na mtu aliyechoka kuhangaika na bolti zake.

Nimeambiwa niigonge stata kwa nyundo. Ni kweli inasaidia?

Inasaidia, na ikisaidia imekupa habari. Makaa yaliyofupika hukwama kwenye nyumba zake, na mtikiso huyasukuma yaguse tena. Gari likiwaka baada ya kugongwa, una siku au wiki chache. Gonga kwa upole, kwa mpini wa nyundo au kipande cha mti. Stata ambazo ndani yake zina sumaku za kudumu badala ya koili hupasuka sumaku zikipigwa kwa nguvu, na hapo umegeuza ugonjwa kuwa kifo.

Ni lazima ninunue stata nzima?

Si lazima, na kwa gari la zamani mara nyingi ningesema usikimbilie huko. Stata iliyotoka kiwandani na gari, ikiwa mwili, koili na amecha yake (sehemu inayozunguka ndani) ni vizima, inaweza kuwa bora kuliko mbadala wa bei ya chini utakaouzwa ndani ya boksi linalong'aa. Vitu vinavyoisha ni vichache na vyote hubadilishwa.

Kontakti za solenoidi ndizo za kwanza. Stata nyingi za Denso zilizofungwa kwenye Toyota za miaka ya 1980 na 1990 huugua ugonjwa huu mmoja tu: "ka!" leo, kesho linawaka, keshokutwa "ka! ka! ka!" mara kumi ndipo linawaka. Ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya shaba na kisahani cha shaba kinachoviunganisha. Kila unapowasha, cheche hula shaba kidogo, na kwa kawaida kimoja huliwa kuliko kingine, mpaka kisahani kinagusa upande mmoja na kuning'inia upande wa pili. Unafungua kifuniko cha nyuma, unatoa kisahani na mkono wake, unabadilisha vipande viwili, unafunga. Niliwahi kutumia Jumamosi nzima kutafuta stata ya kununua wakati iliyokuwa mkononi mwangu ilihitaji vipande viwili vya shaba vyenye ukubwa wa kidole gumba.

Makaa ni ya pili. Yakibaki nusu ya urefu wake wa awali, yabadilishe. Kwenye stata za zamani sana hayakufungwa kwa skrubu bali yamelehemiwa, na joto la kulehemu linataka chuma kikubwa cha risasi, si kile kidogo cha kutengenezea redio. Sehemu ya amecha yanaposugua isafishwe kwa msasa laini wa karatasi. Usitumie kitambaa cha msasa mweusi wa chuma, kwa kuwa punje zake hubaki katikati ya shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa.

Bushi ni za tatu, na hazitajwi vya kutosha. Zikiliwa, amecha hulegea na kuanza kukwaruza koili, stata inavuta umeme mwingi na kuzunguka kizembe. Bushi mpya za shaba zenye vinyweleo huloweshwa kwenye oili ya injini saa 24 kabla ya kupigwa mahali pake. Mtu asiyelijua hilo huzifunga kavu, na haichukui muda atairudia kazi.

Bendeksi nayo hupimwa kwa vidole: gia yake izunguke kwa urahisi upande mmoja na ikatae kabisa upande wa pili. Ikizunguka pande zote mbili, imekwisha.

Kinachonifanya niseme "nunua nyingine" ni amecha iliyoungua. Utaijua kwa harufu kabla hujaiona: harufu ya vanishi iliyokaangwa haisahauliki.

Nikinunua, nitajuaje kama inafaa?

Usitegemee mwaka wa gari na jina la modeli peke yake. Injini moja huweza kuwa ilifungwa stata za aina tatu, kutegemea gia ya mkono au otomatiki. Peleka ya zamani, uziweke mbili kifua kwa kifua. Hesabu meno ya gia ndogo, kwa sababu meno 9 na meno 11 hayabadilishani hata kama bolti zinaingia. Linganisha umbali kutoka uso wa kufungia hadi ncha ya gia, pembe ya solenoidi, matundu ya bolti (moja lina uzi, jingine halina?), na upande inakozunguka. Angalia pia nguvu iliyoandikwa mwilini. Stata ya kilowati 1.0 haitaifaa dizeli iliyozaliwa na ya 2.2, ingawa itaizungusha siku za joto na kukupa matumaini ya uongo.

Na usiitupe ya zamani. Wauzaji wengi huipokea kama sehemu ya bei.

Naanzia wapi kuing'oa?

Kwenye betri. Toa waya wa ethi kwanza, uuweke mbali usije ukarudi wenyewe. Waya mnene wa stata huwa hauna fyuzi yoyote katikati, na spana ikiugusa huku imegusa chasisi, itashika nyekundu mkononi mwako.

Stata ikifikiwa kwa chini, egesha mahali tambarare, wekea magurudumu vizuizi, inua kwa jeki, halafu liketishe gari juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Sitaki ubishi kwenye hili: jeki ni ya kuinulia, mtu halali chini ya gari lililoshikwa na jeki.

Kisha tulia uangalie. Piga picha kwa simu jinsi nyaya zilivyokaa, pamoja na kibano chochote kinachoshikilia waya, kwa sababu waya ukirudishwa vibaya unaweza kulala juu ya eksozi na kuyeyuka. Fungua nati ya waya mnene na uchomoe ule mwembamba. Zuia skrubu ya solenoidi isizunguke pamoja na nati. Ikizunguka, inavunja kifuniko kwa ndani na hutajua mpaka jioni.

Bolti za kushikilia stata kwa kawaida ni mbili, wakati mwingine tatu, na moja kati ya hizo lazima iwe mahali ambapo mtengenezaji alifikiri binadamu ana kiwiko cha ziada. Ekstensheni ndefu na kiungo cha kupinda ndivyo vinavyoiokoa siku. Legeza zote, toa ya chini kabisa, halafu ile ya juu itoe ukiwa umeshaushika mzigo. Stata za zamani ni nzito, nyingine huvuka kilo 8, na za lori la dizeli huzidi hapo sana. Ikikuangukia usoni utaikumbuka.

Bolti imegoma.

Mafuta ya kulegeza kutu, kisha subiri, ikiwezekana usiku kucha. Jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, uisikie ikipasua kutu. Soketi iwe ya pembe sita, si kumi na mbili. Mwili wa gia boksi huwa wa aluminiamu, kwa hiyo bolti ikikatikia ndani, kazi ya saa moja imekuwa kazi ya siku mbili.

Stata iko nje. Niijaribu kabla ya kuifunga mpya?

Zote mbili, ya zamani na mpya. Ibane kwenye jiliwa au uikanyage vizuri na buti, kwa sababu huruka inapoanza. Ethi kwenye mwili, chanya kwenye skrubu nene, kisha gusisha waya mfupi kutoka chanya hadi kwenye terminali ndogo. Gia iruke mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja. Nimeona mpya ikifa mezani, na afadhali ifie mezani.

Kabla ya kufunga, chungulia kwenye tundu uyaone meno ya flaiwili, huku mwenzako akiizungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini). Zunguka duara lote. Injini ya silinda nne haisimami popote tu: mgandamizo huirudisha karibu na sehemu mbili zile zile kila inapozimwa, kwa hiyo meno huliwa mahali pawili yakabaki mazuri kwingine. Ndiyo maana gari linakwaruza leo, ukilisogeza kidogo likiwa kwenye gia linawaka kama jipya. Ugonjwa huo hautibiwi na stata. Unatibiwa na ringi mpya ya meno, na gia boksi lazima ishuke.

Kuizungusha injini kwa mkono kuna faida ya pili. Isipozunguka kabisa, kosa si la stata na hukupaswa kuing'oa.

Kuna la kuangalia wakati wa kuirudisha?

Sugua uso wa kufungia mpaka chuma king'ae. Stata hupata ethi kupitia hapo, na rangi iliyopuliziwa kwa urembo huizuia. Kama kulikuwa na vibati vyembamba kati ya stata na injini, virudi vile vile. Injini za V8 (silinda nane) za zamani za Chevrolet zinajulikana kwa vibati hivyo, na pia kwa bolti zake maalum zenye shingo yenye mikwaruzo inayoiweka stata mahali pake kamili. Ukitia bolti za kawaida za ukubwa ule ule, stata inacheza na meno yanaanza kulia.

Nati ya shaba ya waya mnene ikazwe kiasi. Shaba ni laini. Waya wa ethi wa betri uwe wa mwisho kabisa.

Nimefunga mpya na inakwaruza.

Kama inakwaruza wakati wa kuingia, gia iko mbali mno na flaiwili. Kama inalia "uuuiii" wakati wa kuachia, iko karibu mno. Kwenye stata zinazofungwa kwa chini, kuongeza kibati huisogeza mbali, kupunguza huisogeza karibu. Nafasi kati ya ncha ya jino na bonde la jino la flaiwili iwe kama unene wa kibanio cha karatasi cha waya. Kama hakuna vibati kabisa, rudi kuhesabu meno.

Gari langu ni la miaka ya 1950 au 1960, na solenoidi siioni juu ya stata.

Basi una stata ambayo gia yake hurushwa na mzunguko wenyewe, na solenoidi yake imefungwa kando, kwenye ukuta wa chumba cha injini. Baadhi ya solenoidi za Lucas zina kitufe cha mpira nyuma unachoweza kubonyeza kwa kidole, kipimo kizuri cha kujua kama kosa liko kwenye ufunguo.

Gia ya aina hii hukwama ndani ya flaiwili. Zima ufunguo, tia gia ya juu, sukuma gari mbele na nyuma mpaka usikie "tak". Nyingine zina ncha ya mraba nyuma ya stata, chini ya kifuniko kidogo, unayoizungusha kwa spana. Ioshe gia hiyo kwa mafuta ya taa na uiache kavu. Ukiipaka grisi, vumbi la klachi litashika na itakwama zaidi. Watu wengi hufanya hivyo wakidhani wanaitunza.

Kuhusu ethi chanya, ambayo magari mengi ya Uingereza yalikuwa nayo hadi miaka ya 1960: stata yenye koili za fildi huzunguka upande ule ule hata ukigeuza betri. Ya sumaku za kudumu hugeuka. Kwa hiyo usifunge stata ya kisasa ya sumaku kwenye gari la ethi chanya bila kuuliza. Na kwa volti 6, nguvu ile ile inataka mkondo mara mbili, kwa hiyo nyaya ziwe nene kweli kweli. Waya wa gari la volti 12 utaonekana sawa, lakini utaiua kazi.

Nimeachia ufunguo na stata inaendelea kuzunguka!

Chomoa waya wa betri sasa hivi, maswali baadaye. Kontakti za solenoidi zimeshikana kwa cheche au swichi ya ufunguo haijarudi. Betri dhaifu huchangia, kwani solenoidi inayovuta na kuachia hupiga cheche nyingi.

Niipige kwa muda gani kila mara?

Sekunde 10, kisha ipumzike dakika moja au mbili. Haina feni ya maana ya kujipoza. Kama injini haikuwaka mara ya nne, tatizo liko kwenye mafuta au cheche za plagi.

Naweza kuendelea kulisukuma mpaka nipate muda?

La gia ya mkono, ndiyo: ufunguo wazi, gia ya pili, klachi chini, likishika mwendo achia ghafla. La kabureta hukubali haraka, la sindano za kielektroniki linataka betri iwe na uhai. Otomatiki usijisumbue. Na kama gari lako bado lina mkono wa krenki wa mbele, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiukumbatie mpini, na vuta kwenda juu badala ya kusukuma kwenda chini. Injini ikirudi nyuma, mpini utakuponyoka tu. Ukiwa umeukumbatia, mpini utaondoka na kidole chako.